Vibao Thelathini na Sita

Siku tulipomzika baba, kila aliyesimama kusema neno alisema marehemu alikuwa mtu mpole. Mchungaji alisema, jirani yetu kinyozi alisema, hata muuza nyama alisema huku akijifuta jasho. Mimi nilikaa na mama kwenye benchi la mbele, nikanyamaza, maana msibani si mahali pa kubishana. Lakini baba hakuwa mpole. Alikuwa mkimya, na watu wengi hawajui tofauti. Naandika haya ili wajukuu wake, watakapokuwepo, wajue wametoka kwa nani.

Baba alikuwa fundi wa kuandika mabango. Aliandika ya maduka, saluni, gereji, shule na makanisa mawili. Aliandika pia ule ukuta mrefu wa kiwanda wenye maneno USIKOJOE HAPA, ambao mwenyewe alisema ndiyo kazi yake iliyosomwa na watu wengi kuliko zote na kutiiwa na wachache kuliko zote. Nilipomaliza kidato cha nne nikakosa pa kwenda, alinipa brashi namba mbili akaniambia nianze na herufi O, kwa sababu mtu akiweza kuizungusha O bila kutetemeka, nyingine zote zitamnyenyekea.

Huyo muuza nyama aliyefuta jasho msibani aliwahi kumtukana baba mbele ya wateja kwamba ni mpakaji wa matope. Baba hakumjibu. Alimwandikia bango lake vizuri kabisa: DUKA LA NYAMA SAFI, maneno matatu ya mwanzo kwa rangi nyeusi, la mwisho kwa nyekundu inayong'aa. Muuza nyama akafurahi, akapiga hatua nyuma kulitazama kama bibi harusi. Kumbe baba alichagua nyekundu ile isiyolivumilia jua. Kiangazi kimoja tu, neno la mwisho likapauka mpaka likatoweka, na kwa miaka minne pale mtaani pakasomeka DUKA LA NYAMA. Wateja wakawa wanamuuliza, "Sasa ile safi imekwenda wapi, bosi?"

"Kila rangi ina umri wake," baba aliniambia siku hiyo, akiosha brashi kwa mafuta ya taa. Hakutabasamu. Ndipo nilipojua baba yangu ni mtu wa namna gani.

Kaka yangu alikuwa akisambaza mikate kwa baiskeli. Alitoka asubuhi na kreti mbili nyuma, akipiga kengele hata pasipo na mtu, kwa raha zake tu. Asubuhi moja alikuwa akipita barabara kuu, mbele ya gereji. Kwenye njia ndogo inayoingia pale pana kibao cha pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini, nyeupe, yenye ukingo mwekundu. Kinamwambia anayetoka njia ndogo apishe. Kijana wa pikipiki ambaye mtaa mzima ulimwita Upepo alitoka njia ile bila kupunguza mwendo. Nilifika mikate ikiwa bado imetapakaa barabarani. Kaka alikuwa ameshafunikwa kanga na mama mmoja nisiyemjua, na nikaanza kuokota mikate. Sijui kwa nini. Niliipanga kwenye kreti mmoja mmoja mpaka baba akaja akanishika mkono.

Mahakamani tulikaa safu ya pili. Hakimu alimuuliza Upepo kama alikiona kibao.

"Nilikiona, mheshimiwa."

"Kinamaanisha nini?"

Upepo akatazama dari. "Sikukumbuka, mheshimiwa."

"Si una leseni wewe? Ulifanya mtihani wa alama?"

"Nilifanya. Nilipata kumi na mbili kwa kumi na mbili."

"Basi ulikijua."

"Pale darasani nilikijua, mheshimiwa. Kilikuwa juu ya swichi ya taa. Cha juu ya swichi ni pisha, cha pembeni yake ni mteremko mkali. Sasa kule barabarani hakuna swichi."

Kuna watu walicheka. Nilimtazama baba. Kidole chake gumba kilikuwa kinasugua doa la rangi kwenye suruali, taratibu, kana kwamba hajasikia. Alikuwa amesikia.

Upepo alipewa kifungo cha nje, leseni ikafutwa kwa mwaka mzima, na akaambiwa akitaka kuendesha tena aanze upya kabisa, kuanzia mtihani wa alama. Tulipotoka nje mama alisema tumwachie Mungu.

"Nimemwachia," baba akasema. "Lakini Mungu ana kazi nyingi. Mimi nina hii moja."

Mwaka ukapita. Sikumsikia akilitaja jina la yule kijana hata mara moja. Kisha siku moja kinyozi akamwambia, huku akimkata ndevu, kwamba Upepo amejiandikisha tena shule ya udereva. Baba alisubiri ndevu ziishe, akajipangusa, akaenda moja kwa moja shuleni na brashi mfukoni. Nikamfuata.

Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri. Mwenye shule alijiita Mkurugenzi, na kwa kuwa hakuna aliyempinga, likawa jina lake. Alama zote thelathini na sita zilichorwa moja kwa moja ukutani miaka mingi nyuma, na ukuta ule ulikuwa na unyevu. Mtihani ulifanyika humo humo: kila mwisho wa mwezi mtahini alikuja na fimbo, akamsimamisha mtu mbele ya ukuta na kumwonyesha alama kumi na mbili. Ukizitaja kumi umefaulu.

"Ukuta wako unakula rangi, Mkurugenzi," baba alisema. "Hebu mwone huyu ng'ombe. Amebaki pembe."

"Wanafunzi wanamjua hivyo hivyo, mzee. Wa chini ya dirisha ni ng'ombe."

"Hata siku akiisha kabisa?"

"Hata akiisha. Watasema ng'ombe."

"Ndiyo maana nataka kukusaidia," baba akasema, kwa ile sauti watu waliyoiita ya upole.

Walikubaliana hivi: baba atachora kila alama kwenye kibao chake cha mbao nyembamba, atakitoboa tundu, atakitundika kwenye msumari, unyevu usikifikie. Tulifanya kazi hiyo barazani kwetu kwa wiki nzima. Sijawahi kumwona baba akichora kwa uangalifu namna ile. Alipima kila pembe kwa rula. Nyekundu aliyotumia safari hii ilikuwa ile nzuri, isiyopauka. Kibao cha pisha alikichora mwisho, peke yake, akiwa amenipa mgongo.

Akavitundika vyote pale pale zilipokuwa alama za zamani. Pisha juu ya swichi. Ng'ombe chini ya dirisha. Mkurugenzi akapiga makofi.

Halafu baba akaanza kupaka fremu ya mlango. Fremu moja ya mlango ilimchukua wiki tatu. Ninacheka nikikumbuka, lakini nilikuwepo nikimshikia kopo, na nilijua anasikiliza. Mkurugenzi alikuwa akipiga ukuta kwa rula na darasa zima linaitikia kama kwaya.

"Juu ya swichi!"

"Pisha!"

"Pembeni yake!"

"Mteremko mkali!"

"Chini ya dirisha!"

"Ng'ombe!"

Alikuwepo nesi mmoja aliyetaka pikipiki ya kuwafikia wagonjwa wa mbali. Siku moja alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, huyo ng'ombe maana yake nini? Punguza mwendo, au simama kabisa?"

"Dada, mbona unatafuta makubwa?" Mkurugenzi akamjibu. "Mtahini akikuonyesha, wewe sema ng'ombe."

"Nesi anataka kumtibu," mtu akasema nyuma, na darasa likaangua kicheko. Nesi akafungua kitabu chake akaendelea kusoma peke yake.

Upepo alikaa karibu na mlango. Siku ya kwanza alipomwona baba pale na kopo la rangi, aliinuka atoke. Baba hakuinua hata macho.

"Kaa, kijana," alisema. "Soma."

Akakaa. Kwa wiki tatu walikuwa hatua mbili kutoka mmoja kwa mwenzake, na sikusikia neno jingine kati yao. Upepo aliitikia na wenzake, akihesabu misumari kwa macho. Nilimwona. Alikuwa anajifunza vilevile alivyojifunza mara ya kwanza, na kaka yangu yuko kaburini. Nakiri kwamba niliomba Mungu amkaushe ulimi. Mimi ni mtu wa ibada, lakini nikisali na kufika pale pa kuwasamehe waliotukosea, huwa nakohoa.

Mtihani ulikuwa Jumatatu. Jumapili asubuhi mama alikuwa ameshavaa kwa ajili ya ibada, na baba bado ana nguo za kazi.

"Leo huendi?" mama akamuuliza.

"Fremu haijakauka."

Mama alimtazama, akanitazama mimi nikiwa nimeshika ngazi, akachukua kitabu chake cha nyimbo akaondoka bila kuaga.

Tulikuwa na ufunguo wa chumba kwa sababu ya ile fremu. Baba akasimama katikati ya chumba muda mrefu, mikono kiunoni. Halafu akasema, "Haya. Kila kimoja kitoke kilipo. Kisibaki hata kimoja."

Tukaviteremsha na kuvitundika upya. Ng'ombe akapanda juu ya mlango. Mteremko mkali ukaenda pembeni ya kalenda. Juu ya swichi baba akatundika marufuku kupiga honi. Kwa mbali tulikuwa tunasikia kengele ya kanisa.

"Baba, hii si dhambi?"

"Nimeandika uongo wapi? Kagua."

Nikakagua. Vilikuwa sahihi vyote, vizuri kuliko vya kwenye kitabu.

"Na wengine je? Wapo kumi na tatu wasiotukosea kitu."

Baba akashuka kwenye ngazi. "Wakifaulu kwa swichi," akasema, "watawaua kaka za nani?"

Nikamshikia ngazi.

Jumatatu Mkurugenzi aliingia wa kwanza, akaona ukuta, akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Mzee! Umenifanya nini?"

"Nilivitoa vikauke," baba akasema, akichovya brashi. "Nikavirudisha. Kwani vina mpangilio?"

"Vina mpangilio, ndiyo!"

"Hata barabarani?"

Mtahini alikuwa mlangoni na fimbo yake, amesikia yote. Alikuwa mtu mnene, mchovu, ambaye nadhani hakuwa amecheka kazini kwa miaka. Alicheka mpaka akalazimika kuegemea fremu, akatoka na rangi begani. Halafu akasema mtihani uanze, na mtu asisogeze kitu.

Sijawahi kuona watu wakitokwa jasho namna ile asubuhi. Dereva mmoja wa lori aliyekuja kuongeza daraja la leseni alionyeshwa kibao cha juu ya mlango, ng'ombe mzima mwenye miguu minne na mkia, akasema kwa sauti ya ushujaa, "Mwisho wa lami!" Nesi alitaja zote kumi na mbili, na kila moja akaeleza unatakiwa ufanye nini. Fundi baiskeli akapata kumi. Wengine wakaanguka mmoja baada ya mwingine.

Upepo aliitwa wa mwisho.

Nilimtazama baba. Brashi yake ilikuwa imesimama hewani.

Fimbo ikagusa kibao cha kwanza. "Mteremko mkali," Upepo akasema. Ilikuwa shule, watoto wanavuka. Cha pili, akakosa. Cha tatu, akakosa. Macho yake yalikuwa yanakwenda dirishani, kwenye swichi, kwenye kalenda, yakitafuta pa kushika. Akafika cha kumi na moja hajapata hata kimoja. Mtahini akapiga miayo, akapeleka fimbo chini kabisa kwenye kona, nyuma ya ndoo ya takataka, mahali ambapo hapakuwahi kuwa na alama yenye maana. Kulikuwa na pembetatu nyeupe, imegeuzwa kichwa chini.

Upepo akakiinamia. Wote tukadhani amekwama.

"Hiyo ni pisha," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Hiyo hata ukiitundika darini naijua."

"Moja kwa kumi na mbili," mtahini akaandika. "Umeshindwa. Anayefuata. Ah, hakuna."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi nimebeba ngazi, baba amebeba kopo. Nilidhani atafurahi. Mimi nilikuwa nimefurahi, nisiseme uongo; nilikuwa najisikia kama mtu aliyekunywa maji baada ya njia ndefu. Tulipofika mbele ya gereji baba akasimama pale pale palipokuwa na mikate.

"Amekijua kimoja," akasema. "Kimoja hicho kimemla mwanangu. Vimebaki thelathini na tano."

Kisha akaendelea kutembea.

Mtahini alitoa amri kwamba kuanzia siku ile vibao vipangwe upya kabla ya kila mtihani, na mpangaji awe yule yule mzee. Mkurugenzi alilalamika, lakini akalazimika kununua vitabu na kufundisha, jambo ambalo nadhani lilimuuma kuliko yote. Baba aliifanya kazi hiyo kila mwezi. Aliihamishia Jumamosi ili mama asimnunie. Upepo alirudi mara ya pili akapata nne. Alikaa miezi kadhaa, akarudi, akapata saba. Kila mara moja kati ya hizo ilikuwa pisha, kwa sababu mtahini hakuiacha kamwe, kwa mtu yeyote.

Muda wote huo Upepo alikuwa akisukuma mkokoteni wa mizigo sokoni. Alipita mbele ya baraza letu asubuhi na jioni, shingo mbele, na baba alikuwa akiweka kikombe chini ili amtazame vizuri.

"Anatembea," alikuwa akituambia, kama mtu anayeleta habari njema.

Mama alimwambia mara moja, "Baba watoto, inatosha sasa."

"Nani amesema inatosha? Aliyekufa amesema?"

Mama hakumwambia tena.

Mara ya nne Upepo alipata tisa. Moja tu ilibaki. Baba alirudi siku hiyo, na nilimwona akigeuza geuza brashi mkononi. Nilimuuliza kama amekasirika. Alifikiri kwanza. "Ameanza kusoma," akasema. Sikujua, na mpaka leo sijui, kama lilikuwa lalamiko. Wiki mbili baadaye kifua kilimbana, na rangi za miaka arobaini zikamdai mapafu. Akaenda.

Upepo alikuja mazikoni. Wanaume walipokuwa wanapokezana koleo, likamfikia. Nilivuka katikati ya wanaume, jambo lisilofanywa, nikalichukua mkononi mwake.

"Si wewe," nikamwambia.

Aliliachia.

Mwisho wa mwezi ule Mkurugenzi alinitumia ujumbe: mtihani Jumatatu, mzee hayupo, tafadhali uje wewe. Chini akaniwekea orodha ya watahiniwa. Jina la yule kijana lilikuwa la tatu.

Nilikwenda Jumamosi peke yangu na ngazi. Nilitundika vibao kama baba alivyonifundisha, hakuna hata kimoja kilichobaki kilipokuwa. Nilipofika kwenye pisha nikakishika. Nilikaa nacho kwenye kiti cha mtahini. Alipata tisa mara ile, na moja ya tisa ilikuwa hii. Kila mtihani alikuwa akipewa alama moja kwa kibao alichokijua kwa damu ya kaka yangu. Nikajiuliza ni haki gani hiyo. Baba hakuwahi kukiondoa; labda aliona ni uongo, labda aliona heri Upepo akitazame kila mara. Mimi si baba. Niling'oa msumari mmoja ili pasibaki pengo, nikakifunga kile kibao kwenye kanga, nikaondoka nacho. Jumapili nilikwenda ibadani nikakohoa pale pale ninapokohoa siku zote.

Jumatatu nilisimama mlangoni, kwenye fremu ya baba. Upepo aliingia, akasimama mbele ya ukuta. Safari hii macho yake hayakwenda dirishani. Fimbo ikagusa, akajibu. Ikagusa, akajibu, na kila moja akaeleza dereva anatakiwa afanye nini, kama nesi alivyofanya. Alikosa moja. Akakosa ya pili. Nilikuwa nahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. Mtahini alitafuta kitu ukutani kwa fimbo, juu, chini, kwenye kona, hakukiona, akakunja uso, akaonyesha kona kali badala yake.

"Kona kali kulia," Upepo akasema. "Unapunguza mwendo kabla ya kuingia, si ukiwa ndani."

"Kumi," mtahini akasema. "Umefaulu."

Hakuruka. Hakumshika mtu mkono. Wenzake walipotoka alibaki mbele ya ukuta, na nilimwona akihesabu kwa kidole, safu kwa safu. Halafu akanigeukia.

"Dada, viko thelathini na tano."

"Najua."

"Kimoja hakipo."

"Kiko nyumbani. Chini ya picha ya kaka."

Alikuwa ameshika ile karatasi ya kufaulu kwa mikono miwili, kama sahani inayomwagika.

"Naweza kuja siku moja nikakiona?"

Nilikunja ngazi, nikaiweka begani.

"Hapana," nikamwambia.